Sitaomba Radhi kwa Masikio Yangu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Kasuku alinyoosha mkono hadi kwenye rafu iliyokuwa juu ya kitanda chake na kuchukua kikasha cheusi chenye umbo la yai. Alikifungua kwa kidole gumba. Ndani mlikuwa na vifaa viwili vidogo vya kusikia, kila kimoja na kitaa cha kijani kuonyesha kwamba chaji imejaa. Alivaa cha kushoto, kisha cha kulia, na nyumba nzima ikaamka: maji yakichuruzika bafuni, sufuria ikigongana na mfuniko jikoni, redio ya jirani ikisoma hali ya hewa, na sauti ya mama yake ikisema jambo ambalo bila shaka lilikuwa limeshasemwa zaidi ya mara moja.

"Nasema chai inapoa."

"Chai inapoa?"

"Usinirudishie maneno yangu, mwanangu. Njoo unywe."

Huko kurudia maneno ndiko kulikompa jina. Tangu darasa la kwanza alikuwa akirudia alichoambiwa kabla ya kukijibu, ili apate hakika kwamba amesikia sawasawa. Wenzake walidhani ni mzaha, wakamwita Kasuku, na jina likamganda. Hakuna aliyejua kwamba ugonjwa aliougua akiwa mtoto mdogo ulikuwa umemwachia masikio mazito, hasa la kushoto. Sauti za watu zilimfikia kama zimefunikwa blanketi. Alizoea kukaa mbele, kutazama midomo, na kucheka wenzake wanapocheka.

Likizo iliyopita ndipo mambo yalipobadilika. Daktari wa masikio alimpima, akampatia vile vifaa, na mama yake mdogo akamletea simu janja mpya ya kuviendesha. Vifaa na simu viliongea bila waya. Ndani ya simu mlikuwa na programu ambamo daktari alipanga kila kitu: sauti za watu zipande, makelele yashuke. Bila simu vifaa vilifanya kazi, lakini kwa ubutu tu. Vilikuza kila kitu kwa pamoja, kikohozi sawa na salamu.

"Simu itakuomba uisasishe mara kwa mara," daktari alikuwa amemwambia. "Usiipuuze. Fanya hivyo siku ya mapumziko ukiwa nyumbani, maana baada ya kusasishwa huenda ikavisahau vifaa, ukalazimika kuviunganisha upya. Na hivi vifaa usimpe mtu yeyote avichezee. Vimepimwa kwa masikio yako peke yako."

Shule ilipofunguliwa, mama yake alitaka kwenda kuzungumza na mwalimu mpya wa darasa. Simu zilikuwa marufuku shuleni, na ilibidi jambo hilo lielezwe mapema.

"Nitamwambia mwenyewe, mama," Kasuku alisema. "Mimi si mtoto mdogo."

Mama yake alikuwa dobi. Alipiga pasi katika kibanda cha mtaa wa nyuma tangu asubuhi hadi jioni, na ruhusa ya kutoka haikuwa rahisi kupatikana. Alikubali. Jioni ile alimuuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amesema hakuna shida."

Hakuwa amemwambia mtu. Kila alipokaribia meza ya mwalimu, ulimi ulikuwa mzito kuliko masikio. Aliona tayari jinsi neno "kiziwi" litakavyoruka kutoka dawati hadi dawati. Basi alilegeza misuko yake ikafunika masikio, simu akaificha kwenye mfuko wa ndani wa sketi, akanyamaza.

Siri ilidumu mpaka upepo ulipoinua misuko hiyo wakati wa mapumziko. Rafiki yake wa dawati moja aliona. Msichana huyu aliitwa Waziri kwa sababu alikuwa na ushauri kwa kila mtu na kwa kila jambo, hata pale asipoulizwa.

"Hebu ngoja. Hizo ni eafoni? Zile zisizo na waya?"

Kasuku aliishika misuko yake kuirudisha. Kisha akaona mlango wa kutokea.

"Ndiyo," alisema.

"Unasikiliza muziki darasani?"

"Kidogo kidogo."

Waziri alimtazama kwa macho mapya. Kufika saa ya kurudi nyumbani, darasa zima lilijua. Kasuku yule wa kukaa mbele na kurudia maneno, kumbe ni jasiri kuliko wote. Wavulana waliokuwa hawamsalimu walianza kumsalimu. Yule waliyemwita Nahodha, mkuu wa timu ya mpira, alimwomba aonje wimbo mmoja tu.

"Betri imekwisha," Kasuku alijibu.

Siku ya pili betri ilikuwa imekwisha tena. Wiki iliyofuata Waziri mwenyewe aliomba, naye akaambiwa hivyo hivyo. "Betri gani hii inayokwisha ninapofika mimi?" Waziri aliuliza, akageukia daftari lake bila kungoja jibu.

Simu nayo ilikuwa na maombi yake. Kila jioni ilileta ujumbe: kuna toleo jipya, sasisha sasa au baadaye. Kasuku alibonyeza "baadaye". Jumamosi ilifika, akabonyeza "baadaye", kwa kuwa alikuwa akitazama video za watu wanaopamba keki. Hatimaye simu ilichoka kuomba. Alfajiri moja, ikiwa kwenye chaji, ilijisasisha yenyewe.

Asubuhi hiyo Kasuku alivaa vifaa vyake, na kelele zikamvamia kwa mkupuo. Kijiko kilichogusa kikombe kilipiga kama nyundo. Alijua mara moja kilichotokea, lakini alikuwa amechelewa. Akajisemea kwamba ataviunganisha njiani. Njiani kulikuwa na pikipiki na watu, akasema ataviunganisha darasani.

Na siku hiyo, kwa bahati mbaya, Mwalimu Desimali aliingia bila vitabu.

Mwalimu Desimali alifundisha hisabati na ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu hakukubali jibu la "kama kumi hivi". Alitaka kumi, au kumi nukta ngapi. Hakuwa mkali wa kupiga kelele. Ukali wake ulikuwa wa kutorudia jambo.

"Leo ni hesabu za kichwa," alisema. "Nitasoma swali mara moja tu. Andikeni jibu peke yake. Matokeo yake yataingia kwenye alama za muhula."

Alianza kusoma huku akitembea kati ya madawati. Viti vilikwaruza sakafu. Feni ya darini ililia. Mtu alipenga kamasi, na mlio ule ukafunika swali zima. Kasuku alisikia "gawanya" na "salio", basi. Akaandika namba ya kubahatisha. Swali la pili lilipita nyuma yake likiwa mnong'ono tu. Alimtazama Waziri, lakini Waziri alikuwa ameziba daftari kwa kiwiko.

Alitoa simu polepole, akaiweka mapajani, akafungua programu. "Hakuna kifaa kilichounganishwa." Akabonyeza "tafuta". Kiduara kikaanza kuzunguka.

Kivuli kiliangukia dawati.

"Simu," alisema Mwalimu Desimali, mkono umenyooshwa.

Kasuku alimpa. Hakuwa na la kufanya. Lakini alipoinama kuitoa, misuko yake ilikuwa imesogea, na mwalimu aliona.

"Na hizo za masikioni. Zitoe."

Vichwa vyote viligeuka. Hata feni ilionekana kupunguza mwendo.

"Sitoi," Kasuku alisema.

"Sikukusikia vizuri."

"Nimesema sitoi, mwalimu."

Alikuwa akitetemeka, ila sauti haikutetemeka. Aliwaza kwamba akivivua atabaki pale katikati ya darasa, haoni ila midomo inayocheza, na kila mtu atajua. Tena daktari alisema asimpe mtu. Angeweza kuyasema hayo yote. Hakusema hata moja. Alimkazia mwalimu macho tu.

Mwalimu Desimali alirudisha mkono wake. "Mimi sinyang'anyi mtoto kitu kwa nguvu," alisema taratibu. "Kesho asubuhi uje na mzazi wako ofisini kwa mwalimu mkuu. Swali la tano."

Wakati wa mapumziko Kasuku alikuwa shujaa. Walimzunguka mpaka akakosa hewa. Nahodha alimpigia saluti. "Leo nimeona mtu," alisema. "Mwalimu Desimali amefyata mkia. Sisi wengine tunaogopa nini?"

Kasuku alitabasamu. Kelele zao zilimuumiza masikio, na kati ya maneno yote aliyomwagiwa alielewa machache. Waziri alikaa pembeni akimenya chungwa. Hakusogea.

Jioni alipita kibandani kwa mama yake. Mvuke ulikuwa umejaa, na shuka zilizokunjwa zilipangwa hadi kwenye dari. Kasuku alimsimulia ya darasani, hata jinsi alivyotetemeka, na mama yake alisikiliza akiwa na pasi mkononi, na kadiri alivyosikiliza ndivyo pasi ilivyokuwa ikipita kwa kasi.

"Alitaka uvivue mbele ya darasa zima?"

"Ndiyo, mama."

"Na anajua kwamba hayo ndiyo masikio yako? Si ulimwambia?"

Hapa kulikuwa na mlango mwingine. Huu ulikuwa wa kurudi. Kasuku aliuona wazi. Lakini mama yake alikuwa amesimama mbele yake kama ukuta wa kumkinga, na ilikuwa vigumu kuubomoa ukuta huo kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilimwambia," alisema.

Mama yake alichomoa waya wa pasi ukutani. "Vizuri. Kesho mimi na huyo mwalimu tutajuana."

Asubuhi mama alivaa gauni lake la kwendea harusini, akafunga kilemba kwa kukaza, na kutembea mbele kwa hatua ambazo Kasuku alizifuata kwa kukimbia. Mlangoni mwa darasa walimkuta Nahodha amesimama nje, uso kwa ukuta. Alikuwa amekuja na eafoni za kaka yake, akakataa kuzivua, akasema Kasuku amevaa, kwa nini yeye avue. Alipomwona Kasuku alijaribu kutabasamu.

"Tuko pamoja," alinong'ona. Kisha tabasamu likamwisha. "Wamesema baba aje. Unamjua baba, lakini. Akija hapa ataniondoa kwenye timu."

Kasuku alisoma midomo yake na kuelewa kila neno. Akashindwa kumtazama tena, akamfuata mama yake.

Ofisini, mwalimu mkuu aliwapa viti. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Mwalimu Desimali alisimama kando ya dirisha, na simu ya Kasuku ilikuwa mezani.

"Karibu, mama," alianza mwalimu mkuu. "Tumekuita kwa sababu binti yako..."

"Najua mliloniitia," mama alisema. "Nimekuja kuuliza moja tu. Huyu mwalimu ana moyo wa aina gani?"

Mwalimu mkuu alivaa miwani yake.

"Mtoto huyu nimehangaika naye tangu hajui kutembea," mama aliendelea. "Waliniambia mzito wa kichwa. Waliniambia hana adabu, akiitwa haitiki. Leo amepata msaada, anasikia ndege nje ya dirisha, halafu mtu mzima anasimama mbele ya watoto wenzake anamwambia vua masikio yako, weka hapa? Mimi nitakwenda hadi ofisi ya elimu. Sitarudi nyuma."

"Mama, samahani," alisema Mwalimu Desimali. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Masikio gani?"

"Usijifanye hujui. Binti yangu alikwambia siku ya kwanza ya muhula."

"Hakuniambia kitu."

"Alikwambia, ukasema hakuna shida."

"Sijawahi kusema hivyo. Mimi nilijua ni eafoni za muziki. Darasa zima linajua ni eafoni za muziki."

"Basi wewe ni mwongo," mama alisema.

Mwalimu mkuu alimgeukia mwalimu wake. Kasuku aliona jambo ambalo hakuwa amelitarajia: shaka, kidogo tu, machoni mwa mwalimu mkuu, na Mwalimu Desimali akifungua mdomo na kuufunga, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni kwa swali ambalo hakufundishwa. Aliona pia kidole cha mama yake kikiwa hewani, kidole chenye alama za kuungua na pasi, kikimnyooshea mtu asiye na kosa.

"Mama," alisema. "Mwongo si yeye. Ni mimi."

Mama hakushusha kidole. "Unasemaje?"

"Sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikudanganya siku ile, na jana tena. Waziri alipoviona nikasema ni eafoni, na wote wakaamini, na mimi nikapenda waamini." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Mwalimu hakujua."

Mama alikaa. Alikaa kama mtu aliyekatwa miguu. Alitazama mikono yake, kisha akamtazama Mwalimu Desimali.

"Mwalimu, nimekutukana mbele ya mkubwa wako. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe, mama. Ningekuwa mzazi ningesema zaidi."

Mwalimu mkuu aliegemea kiti chake. "Haya. Binti, umesema kweli, na imekuwa ngumu kuisema, nimeona. Lakini umefanya makosa mengi. Umemdanganya mama yako. Umewadanganya wenzako, na kuna mmoja yuko nje sasa hivi kwa kukuiga. Umeleta simu bila idhini. Na umekaidi amri ya mwalimu wako mbele ya darasa. Kwa yote hayo utaomba radhi."

Kasuku alisimama. Alijua anachotaka kusema, na kwa mara ya kwanza katika muhula wote hakuhitaji kukipamba.

"Nitaomba radhi kwa uongo," alisema. "Kwa mama, kwa mwalimu, kwa darasa, na kwa simu pia. Nilikosa. Lakini kwa kutokuvivua, hapana. Daktari alisema nisimpe mtu, na nikivivua sisikii. Sitaomba radhi kwa masikio yangu."

"We mtoto," mama alianza.

"Mwache, mama," alisema Mwalimu Desimali.

Aliondoka dirishani, akavuta kiti na kukaa, ili uso wake uwe sawa na wa Kasuku. Alisema polepole na kwa uwazi, naye Kasuku aliona kwamba anafanya hivyo kwa makusudi.

"Hapo amesema sawa. Mimi nilisema 'toa' kabla sijauliza 'ni nini'. Kila siku nawaambia watoto wasome swali lote ndipo wajibu, halafu mwenyewe nikajibu kabla ya kusoma. Kwa hilo nakuomba radhi, binti." Kisha akainua kidole. "Ila na wewe ujue. Ungesema neno moja tu, 'mwalimu, hivi ni vya kusikia', tusingefika hapa. Ulikuwa na haki mkononi, ukaificha kama kitu cha wizi."

Kasuku aliinamisha kichwa.

Mwalimu mkuu alisukuma simu kuelekea kwake. "Hebu ifanye ianze kazi, tuone."

Ilimchukua muda. Ilibidi kwanza aiambie simu isahau vifaa vyote viwili, kisha akitoe kikasha begini, avirudishe ndani yake, akifunge, akifungue tena, na kusubiri majina yatokee kwenye kioo. Kwa dakika hizo alikuwa hasikii ila mvumo wa mbali, na watu wazima watatu hawakujua waweke wapi macho yao. Mara ya kwanza kifaa cha kulia kilikataa. Alirudia. Alipovivaa tena na kubonyeza "unganisha", makelele ya uwanjani yalishuka, na sauti ya mama yake ikaja mbele, karibu, ikiwa na mkwaruzo wa kilio.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Walikubaliana pale pale. Simu ingekaa juu ya meza ya mwalimu wakati wa masomo, ikipokea sauti yake na kuirusha masikioni mwa Kasuku. Hesabu za kichwa angezirudia peke yake siku hiyo hiyo mchana. Kuhusu Nahodha, mwalimu mkuu alisema baba yake hataitwa, lakini ataokota takataka uwanjani kwa kukaidi, na Kasuku ataokota naye.

Jambo la mwisho lilikuwa gumu zaidi. Mwalimu Desimali alimwongoza hadi darasani, akamwita Nahodha aingie, akamwachia Kasuku nafasi mbele ya ubao. Hakumsaidia kwa neno lolote.

Kasuku alishika misuko yake, akaifunga yote nyuma kwa utepe, mpaka masikio yakabaki wazi.

"Hizi si eafoni," alisema. "Ni vifaa vya kusikia. Masikio yangu ni mazito tangu nikiwa mdogo. Niliwadanganya kwa sababu niliogopa mtanicheka. Nawaomba radhi. Nahodha, wewe zaidi, maana umeadhibiwa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo."

Kisha kutoka dawati la nyuma kabisa mtu alimnong'oneza jirani yake, "Kumbe kiziwi."

"Nusu," Kasuku alisema, akimtazama moja kwa moja. "Na kwa taarifa yako, kuanzia leo mnong'ono wako naupata mpaka huku mbele. Kwa hiyo ukitaka kunisengenya, kasengenyee nyumbani."

Darasa lilipasuka kwa kicheko, na safari hii Kasuku alijua wanacheka nini. Yule wa nyuma naye alicheka, uso umemwiva. Nahodha alitikisa kichwa. "Umeniponza, lakini sawa," alisema. "Sasa muziki hivyo vinapiga au havipigi?"

"Vinapiga."

"Basi hukudanganya yote."

Waziri peke yake hakucheka. Kasuku aliporudi kwenye dawati, alimkuta amekunja mikono.

"Mimi nilidhani wewe ni mchoyo," Waziri alisema. "Kila siku betri, betri. Nikajiuliza nimekukosea nini. Ungeniambia, ningenyamaza."

"Wewe? Ungenyamaza?"

Waziri alifikiri. "Ningejaribu," alikiri, akasogea kumpisha akae. Kabla mwalimu hajaanza, alikuwa ameshaanza kumshauri kuhusu utepe gani utapendeza zaidi.

Jioni hiyo Kasuku alikwenda kibandani bila kuitwa. Alishika ncha mbili za shuka, mama akashika nyingine mbili, wakawa wanakunja, wanakutana katikati na kuachana tena. Kasuku ndiye aliyeanza.

"Umenikasirikia bado, mama?"

"Nimekasirika, ndiyo. Umenipeleka kupigana na mtu ambaye hakunikosea. Wiki hii yote utakunja shuka hapa, na simu utaishika ya kusikilizia tu, hakuna video. Na ikiomba kusasishwa Jumamosi, isasishwe Jumamosi. Usiniambie baadaye."

"Sawa, mama."

Mama alipokea shuka, akaiweka juu ya nyingine na kuilaza kwa kiganja.

"Lakini ulivyosimama pale na kusema hutaomba radhi kwa masikio yako, nilitaka kukuziba mdomo, kisha nikajiuliza ulijifunza wapi ukaidi huo. Nikakumbuka kilemba nilichokikaza asubuhi." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza, mwanangu. Sitaki uache ukaidi. Dunia hii itakuambia mara nyingi uvue hiki, ufiche kile, na utahitaji kusema hapana. Ila njia ya mwongo ni fupi. Jana ulisema hapana, na haki ilikuwa yako, lakini ulikuwa umesimama juu ya uongo, ndiyo maana ulitetemeka. Leo umesema hapana ile ile umesimama juu ya kweli, na watu wazima wakakaa chini kukusikiliza. Ukitaka kumkatalia mtu, tazama kwanza umekanyaga wapi."

Kasuku aliitikia kwa kichwa, akachukua shuka iliyofuata kwenye rundo, akamrushia mama yake ncha mbili.